Fidia ya Gari Lililogongwa: Haki Yako Ishie Wapi?

Tumeletewa suali katika darasa letu na mtu wa hapa Daraja Mbili, mjini Kisii, naye ni mfanyabiashara mwenye gari dogo la kuchukulia bidhaa. Gari lake liligongwa ubavuni. Mlango mmoja ukabonyea na taa ya mbele ikavunjika. Alikuwa amelikatia bima kamili, ile inayolipa hasara ya gari lenyewe, si ile ya mtu wa tatu peke yake ambayo sheria humlazimisha kila mwenye gari. Alipolipeleka kwa fundi ili aandikiwe makadirio ya kupeleka kwenye kampuni, fundi hakuanza kwa kuutazama mlango. Alimwuliza kwanza: "Mzee, hii ni ya bima au ya mfukoni?" Alipojibiwa kuwa ni ya bima, akasema: "Basi na ile bampa ya nyuma tuitie humo humo."

Bampa hiyo ilikuwa imepasuka mwaka mzima kabla ya ajali, kwa kurudi nyuma mpaka ikagonga jiwe. Muulizaji ataka kujua kama pana ubaya kuiingiza. Anazo hoja zake, nasi twazitaja kwa uadilifu kama alivyozitaja: kwamba amelipa ada miaka sita bila kudai hata senti moja, kwamba kampuni zenyewe ni dhalimu, huzuia haki za watu, na kwamba bima kwa asili yake ina maneno katika sheria yetu, basi mali yake si mali ya kuonewa huruma. Akaongeza kwamba bampa moja haimfilisi mtu.

Twamshukuru kwa kuuliza, maana walio wengi hawaulizi. Hutia saini na kwenda zao. Na jambo la kwanza tulilolitazama si bampa, bali ni lile suali la fundi. Mlango ni mmoja, bati ni moja, rangi ni moja, na mikono itakayoupiga ni ile ile. Vipi basi uwe na bei mbili, moja ya mwenye kulipa akiwa amesimama hapa, na nyingine ya mwenye kulipa akiwa yuko Nairobi? Moja katika bei mbili hizo ni uwongo, na hapana haja ya kusoma vitabu vingi ili kuijua ni ipi.

Hebu tutazame jinsi fidia hii inavyopatikana, kwani wako watu wanaodhani ni zawadi. Ajali ikitokea, sheria ya barabara inataka ipelekwe habari kwa polisi katika muda usiozidi saa 24. Polisi huandika, kisha hutoa karatasi yao iitwayo abstrakti. Mwenye gari hujaza fomu ya madai na kueleza kilichotokea. Gereji huandika makadirio ya vipuri na ya ujira. Kampuni humtuma mkaguzi alitazame gari na kuyapima makadirio, kisha huandika ruhusa ya kutengeneza. Mwenye gari hubeba mwenyewe sehemu ya gharama kama mkataba unavyosema, na kazi ikiisha mkaguzi aweza kurudi tena kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichofanywa. Sasa tazama, ndugu msomaji: katika mwendo wote huu, yule atakayetoa fedha hakuuona mlango kwa macho yake. Aliona karatasi. Dereva alisema, polisi akaandika, fundi akahesabu, mkaguzi akathibitisha. Jengo zima limesimama juu ya maneno ya watu wanne, na mtu mmoja tu akisema uwongo wengine wote huwa wamejenga juu ya mchanga. Jambo la namna hii kwa lugha yetu huitwa amana.

Na fidia yenyewe ni kitu gani? Wanavyuoni walipotaka kuieleza dhamana ya mwenye kuharibu kitu cha mwenziwe, walirejea kisa kimoja kilichotokea nyumbani kwa Mtume, rehema na amani zimshukie. Mmoja wa wakeze alileta bakuli la chakula, na mwenziwe kwa wivu akalipiga likavunjika. Mtume aliviokota vipande na chakula kilichomwagika, kisha akaagiza bakuli zima litolewe katika nyumba ya aliyevunja, akampelekea yule aliyevunjiwa. Na lile lililovunjika likabaki nyumbani kwa aliyevunja.

Katika kisa hiki kifupi mna karibu elimu yote ya madai ya gari. Aliyevunjiwa alipewa bakuli kwa bakuli. Hakupewa mabakuli mawili kwa sababu ya uchungu wa moyo wake, wala hakuambiwa apokee bakuli lenye ufa. Na vile vipande vilikwenda kwa yule aliyelipa. Twasikia watu wakilalamika kwamba gari lilipoharibika kabisa, kampuni ililipa thamani yake kisha ikachukua mabaki. "Wamenipokonya hata chuma changu," husema. La, ndugu yetu, hawakukupokonya. Mtu hawezi kushika bakuli zima kwa mkono wa kulia na vipande vya bakuli lile lile kwa mkono wa kushoto. Ukitaka kubaki na mabaki, bei yake hupunguzwa katika fidia, na hiyo ni haki.

Lakini haki hiyo hukata pande zote mbili. Kampuni inayopokea ada juu ya thamani kubwa aliyoitaja mwenye gari, bila ya kulipima gari, kisha siku ya hasara ikasema kwamba sokoni gari hili ni la bei ndogo, imekula ada ya bakuli kubwa na yataka kulipa bakuli dogo. Wao husema mkataba unaruhusu. Twasema ingewapasa kulipima gari siku ya kuchukua fedha kama walivyokuwa hodari wa kulipima siku ya kutoa. Na msomaji aliye na gari asingoje. Alipime mapema, aandike thamani ya kweli.

Huenda mtu akatuuliza: taa yangu ilikuwa kuukuu, imefifia, nami nimetiwa mpya, je, si nimezidishiwa? Hapana neno. Bakuli lililotolewa halikupimwa umri, na taa kuukuu iliyo sawasawa na yako haipatikani kwa urahisi. Mwenye kulipa ajua kwamba anatoa mpya mahali pa kuukuu, naye ameridhia katika karatasi. Tofauti iliyopo baina ya taa hii na ile bampa ni kwamba ya taa aijua, na ya bampa amefichwa. Ziada itolewayo kwa macho mawili ni ihsani. Ziada ichukuliwayo gizani ina jina jingine.

Sasa tuje kwenye hoja ambayo kwa hakika ndiyo nzito, nayo ni ile ya dhulma ya kampuni. Hatuikanushi. Tumewaona watu wakienda na kurudi miezi, kila siku karatasi moja haipo. Na wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wana mas'ala iitwayo mas'ala ya dhafar: mtu anayemdai mwenziwe haki, na yule akaikana, kisha mdai akapata mkononi mali ya yule mkanaji, aruhusiwa kuchukua kiasi cha haki yake. Baadhi ya vijana wetu wamelisikia jambo hili kwa mbali, wakalifanya mlango wa kuingilia kila ghala. Ngojeni kidogo. Mas'ala hiyo yataka haki iwe imekwisha thibiti. Yataka yule wa pili awe ameikana au ameizuia. Na yataka uchukue kadiri ya haki yako, usizidishe. Bampa iliyopasuliwa na jiwe mwaka jana haikuwa deni la kampuni siku yoyote. Wala kampuni haikuikana, kwani haijaombwa. Basi patakuwaje na dhafar pasipo na deni? Huyu hachukui haki yake iliyozuiwa. Anajilipa mapema kwa dhulma anayoitazamia, tena hasara aliyoileta mwenyewe.

Ama aliyedhulumiwa kweli, njia zipo. Iko Mamlaka ya Kusimamia Bima, iliyoanza kazi mwaka 2007, ambayo hupokea malalamiko ya watu juu ya kampuni. Ziko Mahakama za Madai Madogo, zilizowekwa kwa sheria ya mwaka 2016, zenye kusikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na gharama ya gari dogo mara nyingi haifiki huko. Twajua kwamba njia hizi ni ndefu na mtu wa sokoni hana siku za kupoteza. Lakini urefu wa njia ya haki haujawahi kuifupisha njia ya batili hata ikawa halali.

Hoja ya uharamu wa bima imetushangaza zaidi kuliko zote. Ni kweli kwamba jambo hili lina maneno ya kale. Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki mwaka 1836, alikwisha kuulizwa juu ya bima ya bahari waliyokuwa wakiikata wafanyabiashara wa zama zake, naye hakuiruhusu. Na Baraza la Fiqhi lililokutana Jeddah mwezi wa Disemba 1985 liliona kwamba bima ya biashara, yenye ada maalumu, ina gharar ya kuuharibu mkataba, na kwamba badala yake iwe bima ya kusaidiana. Kwa ajili hiyo ndiyo pakatokea takaful, nayo hapa Kenya ilianza kufanya kazi mwaka 2011. Mwenye uwezo wa kuifuata na aifuate. Na kwa ile ya mtu wa tatu, tumelazimishwa na Sura ya 405 ya sheria za nchi tangu zama za ukoloni, na aliyelazimishwa hasemwi kama aliyechagua.

Lakini haya yote yanahusiana vipi na bampa? Anayeamini kwamba mkataba huu una kasoro ingempasa achukue pungufu. Na wako wanavyuoni waliosema asichukue zaidi ya kadiri ya ada alizolipa. Huyu wetu yeye huiharamisha bima anapotoa, na huihalalisha anapopokea, kisha akaongeza na bampa juu. Hatujapata kuona madhehebu ya namna hii.

Yabaki neno la miaka sita. Mwenye duka hapa Daraja Mbili humwajiri mlinzi wa usiku. Miaka sita ikapita, wevi wasije. Je, mwenye duka huenda akamwambia mlinzi, "Nirudishie mishahara, maana hukupigana na mtu"? Alichokinunua ni usingizi, naye amelala. Aliyelipa ada miaka sita alinunua utulivu wa kwamba likitokea la kutokea hatauza shamba. Kuna haki moja tu aiombayo asiyedai, nayo ni kupunguziwa ada ya mwaka unaofuata, jambo ambalo kampuni nyingi hulifanya. Na aiombe kwa sauti, kwani wako wasiopunguza mpaka waulizwe.

Tena hii mali wanayoiita ya kampuni ni ya nani? Chungu hiki kimetiwa na mkulima wa chai wa Nyamira mwenye pikapu yake, na mwenye matatu ya njia ya Keroka, na mwalimu aliyenunua gari kwa mkopo. Na wanaokingoja ni watu ambao hawakutia kitu: mama aliyekuwa akiuza ndizi kando ya barabara akavunjwa mguu, mtoto aliyekuwa akivuka kwenda shule, mjane wa abiria. Hawa ndio mtu wa tatu. Sheria imewawekea fidia ya hadi shilingi milioni 3 kwa dai la mtu mmoja, lakini fedha hiyo hutoka katika kampuni iliyo hai.

Na kampuni hufa. Kenya National Assurance, iliyokuwa ya serikali, ilianguka mwaka 1996. United Insurance, iliyokuwa imekatia bima matatu nyingi, iliwekwa chini ya msimamizi wa kisheria mwaka 2005, na Blue Shield ikafuata mwaka 2011. Zilipoanguka, wenye hukumu mkononi walibaki na karatasi, na wenye magari waliolipa ada zao kwa uaminifu wakawa wakabiliwa na madalali wa mahakama. Umewekwa mfuko wa kuwafidia wateja wa kampuni zilizoanguka, lakini fidia yake ina mpaka na hungojewa. Hatusemi kampuni hizo ziliangushwa na bampa za Kisii. Wako wasimamizi waliokula, na wako waliouza bima kwa bei isiyotosha kulipa hasara. Walakini madai ya uwongo yametajwa kila mara katika magonjwa ya biashara hii, hata ikaundwa idara maalumu ya kuyapeleleza. Aliyechota kijiko kimoja asiseme hakukausha chungu, hali ajua kwamba vijiko ni elfu.

Twataka sasa tuseme na mafundi, tena kwa heshima, kwani tumekaa nao na twaijua taabu ya jua kali. Mmoja wao alituambia: "Sheikh, kazi ya mfukoni nalipwa jioni. Kazi ya bima naingoja miezi, na spea nimezikopa. Nisipoongeza, nitakula nini?" Hili ni neno la kweli na si la kubezwa. Kuchelewesha ujira wa fundi ni dhulma, na kampuni inayofanya hivyo ndiyo inayowafundisha watu uwongo, kisha ikawashitaki kwa kuwa wamehitimu. Dawa yake ni kwamba fundi aandike waziwazi: hii ni bei ya mlango, huu ni ujira wangu, na hiki ni changu kwa kungoja. Wakikataa, aiache kazi au wasikilizane. Kilicho haramu si kudai kikubwa. Ni kukidai kwa jina la kitu kingine.

Lililo baya zaidi kuliko ziada katika karatasi ni upungufu katika gari. Mumeandika mlango mpya, mukatia uliotoka Grogan kule Nairobi. Mumeandika kipande kizima cha bodi, mukaunga vipande viwili na kuviziba kwa puti na rangi. Mtume alipita sokoni akatia mkono katika chungu ya nafaka, akaona juu pakavu na chini maji. Akamwuliza mwenyewe kwa nini asiuweke ule ulioloa juu ili watu wauone, kisha akajitenga na wenye kughushi. Watu wa Daraja Mbili hawahitaji kuelezwa kisa hiki, kila mmoja amewahi kununua gunia la maharagwe zuri mdomoni na baya kitakoni. Lakini maharagwe mabaya hutupwa. Usukani uliopindishwa ukanyooshwa kwa moto, na breki iliyowekewa kipuri kisicho chake, hushuka milima ya Gusii siku ya mvua na watu tisa ndani ya Probox. Spea iliyotumika si haramu; ikiwa ni nzima, na mwenye gari na kampuni wameambiwa, na bei yake ni ya spea iliyotumika, hapana anayeweza kusema kitu.

Na mkaguzi akisema, "Mimi nitaipitisha, lakini mnikumbuke," jina lake ni rushwa, na hapa hatuna haja ya kurefusha.

Basi jawabu la muulizaji ni hili. Mlango na taa aviandike, na achukue fidia yake kamili bila haya, kwani ni bakuli lake. Sehemu ya gharama aliyoambiwa aibebe, aibebe. Asikubali fundi kuipachika katika bei ya rangi ili kampuni iilipe bila kujua, kama ilivyo desturi. Bampa aitengeneze kwa fedha yake, au aiache na ufa wake. Na akichelea kwamba fundi atakasirika na kumharibia kazi, amtafute mwingine. Fundi wa kumwogopa kwa sababu umekataa kusema uwongo si wa kumwachia gari.

Ametuuliza mwengine, aliyekuwapo darasani, na sauti yake ilikuwa ya chini: aliyekwisha kula miaka iliyopita afanye nini? Kiasi akijuacho akirudishe kwa kampuni ile ile, kwa njia yoyote itakayofika, wala hakulazimishwa kujitangaza; hata akilipa kwa hundi na barua fupi ya kwamba alilipwa zaidi katika dai la nambari fulani, imetosha. Kampuni ikiwa imeanguka, yuko msimamizi aliyewekwa kukusanya mali yake na kuwalipa wanaoidai, basi ampelekee huyo. Na asipompata kabisa baada ya kutafuta, awape waliovunjika viungo katika ajali wasipate mlipaji. Hapa Kisii hatakosa wa kumpa, aanzie wodi za hospitali.